Topps na bigijii ya karanga za kuonjeshwa

NENDA Oloipiri, kule Loliondo wilayani Ngorongoro, uingie duka lolote la kijijini. Juu ya kaunta hukosi kopo la pipi. Mtoto anaweka sarafu yake, anaondoka na bigijii. Kuna wanaoiita bazoka, ni hiyo hiyo.

Nje zimeegeshwa bodaboda mbili. Moja ina stika ya Simba kwenye madigadi, nyingine ina ya Yanga, na wenye nazo wanataniana mpaka abiria apatikane.

Bigijii na picha ya mpira. Kwetu ni vitu viwili tofauti. Kule Marekani vilikaa kwenye pakiti moja, na kampuni iliyoviweka pamoja inaitwa Topps. Imeuzwa mara mbili ndani ya miaka 15, na mara zote mbili kulikuwa na kasheshe.

Shabiki wa Bongo unaweza kusema hayo hayakuhusu. Subiri kwanza.

PAKITI MOJA, BIASHARA MBILI

Topps ilianzishwa mwaka 1938 na ndugu wanne wa familia ya Shorin, pale Brooklyn, New York. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakatoa bigijii yao maarufu, Bazooka. Ndiyo, Bazooka.

Mwaka 1951 wakaanza kutia kadi za wachezaji wa besiboli kwenye pakiti. Akili ilikuwa nyepesi tu: mtoto anunue bigijii ili apate picha ya staa wake. Haikuchukua muda mambo yakageuka. Mtoto akawa ananunua picha, bigijii inakuja kama nyongeza.

Kadi za mwaka 1952 ziligoma kuisha sokoni. Zilikaa stoo miaka, mwisho shehena nzima ikaenda kumwagwa baharini. Unajua kadi moja ya mwaka huo, ya Mickey Mantle, iliuzwaje mnada wa Agosti 2022? Dola 12.6 milioni. Kadi moja!

Kwenye soka Topps iliingia kwa kuinunua kampuni ya Merlin ya Uingereza mwaka 1995. Merlin ndiyo waliokuwa na stika za Ligi Kuu England, wakipambana na Panini wa Italia, wale ambao albamu yao ya Kombe la Dunia ipo tangu Mexico 1970.

DOLA 9.75 AU 10.75?

Miaka ya 1990 kadi zilianza kuporomoka. Mgomo wa wachezaji wa besiboli wa 1994 uliwakera mashabiki, na watoto nao wakahamia kwenye michezo ya video. Kampuni ikawa inasuasua na wenye hisa wakaanza kununa.

Machi 2007 uongozi ukatangaza umepata mnunuzi. Ni Michael Eisner, bosi wa zamani wa Disney, akiwa na wenzake wa Madison Dearborn. Bei Dola 9.75 kwa hisa, jumla kama Dola 385 milioni.

Hapo ndipo vurugu zilipoanza. Wapinzani wao wakubwa wa kadi, Upper Deck, wakaja na Dola 10.75 kwa hisa. Wenye hisa wakahoji: mnauzaje kwa bei ya chini na mwenye bei ya juu amesimama mlangoni?

Kesi ikafika mahakamani Delaware. Juni mwaka huo Jaji Leo Strine akasimamisha kura kwa muda, akitaka wenye hisa wapewe kwanza taarifa kamili na Upper Deck waruhusiwe kujieleza. Agosti Upper Deck wakajiondoa wenyewe. Eisner akachukua timu kwa bei yake ile ile.

Mwanachama wa Simba anaijua presha hii. Desemba 2017 ilipopitishwa Mohammed Dewji awe mwekezaji kwa Sh20 bilioni, mjadala haukuishia kwenye fedha tu. Watu waliuliza: tunauza nini hasa?

Na hilo ndilo swali ambalo Topps walikuja kulijibu kwa maumivu.

SIKU MOJA TU

Songa mbele hadi 2021. Janga la corona limewafungia watu ndani, kadi za zamani zimetolewa makabatini, bei zimepaa. Topps wanajiandaa kuingia soko la hisa kupitia kampuni ya Mudrick. Thamani yao inatajwa kuwa Dola 1.3 bilioni. Hesabu tamu kabisa.

Agosti zikaja habari kutoka ligi ya besiboli na chama cha wachezaji. Mikataba yenu ikiisha hatuongezi, tumempa Fanatics, muuza jezi. Miaka 70 ya pamoja ikaishia hapo. Dili la Mudrick likafa papo hapo.

Kiwanda hakikuungua. Mashine hazikuibwa. Wafanyakazi walikuwepo wale wale. Kilichoondoka ni karatasi inayoruhusu kuchapa sura za wachezaji, na karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa kampuni yenyewe.

Januari 2022 Fanatics wakainunua Topps upande wa kadi kwa kama Dola 500 milioni. Linganisha na ile 1.3 bilioni ya miezi michache nyuma.

Pipi zikabaki pembeni, zikawa kampuni yake, Bazooka. Mwaka 2023 nazo zikauzwa kwa wawekezaji wa Apax, na bei iliyoripotiwa ilikuwa karibu Dola 700 milioni. Umeona? Pipi ilikuwa mali yao wenyewe. Sura za mastaa walikuwa wameazimwa tu.

Wahenga wa vijiweni walishasema, bigijii haitafunwi kwa karanga za kuonjeshwa.

NA SISI JE?

Karatasi hizo zinazunguka hata kwenye soka. Panini waliwanyang'anya Topps Ligi Kuu England msimu wa 2019/20, na Topps wameirudisha 2025/26, sasa wakiwa chini ya Fanatics.

Lakini jambo la kuondoka nalo ni hili. Fanatics walipolitaka dili la besiboli, hawakuja na hela ya mkono mmoja tu. Ligi na chama cha wachezaji walipewa hisa kwenye kampuni mpya ya kadi. Mwenye sura akawa sehemu ya mwenye duka.

Sasa rudi kwenye zile bodaboda mbili za Oloipiri. Kati ya Sh za ile stika, klabu imepata ngapi? Na ukikutana na kalenda au fulana yenye sura ya mchezaji wako, yeye ameambulia nini?

Klabu zetu zinazungumza sana kuhusu hisa na wawekezaji. Ni sawa. Ila kabla ya kutaja bei, waanze na nembo, jezi na sura. Na mchezaji anayesaini kesho, asitazame mshahara na ada ya usajili tu. Atafute pale mkataba unapotaja picha yake, asome, na kama hapaelewi, aulize kabla kalamu haijagusa karatasi.

Topps waliishi na karatasi ya watu kwa miaka 70. Ilipoondoka, waliokolewa na bigijii.