Kabla ya Kulipa Karo: Jinsi ya Kuchagua Chuo cha Uuguzi

Matokeo ya KCSE yanapotangazwa, mabango ya vyuo vya uuguzi hujaa barabarani na kwenye simu. Kuna familia zinazouza ng'ombe au kipande cha shamba ili mtoto asomee kazi hii. Hata hivyo, cheti cha chuo pekee hakimruhusu mtu kuhudumia wagonjwa. Ni lazima apite mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya, asajiliwe na apewe leseni.

Kwa hivyo, swali la kwanza ni iwapo chuo kimeidhinishwa na Baraza hilo. Mzazi athibitishe na Baraza lenyewe, wala si kwa wakala wa chuo. Aulizie jina la chuo, tawi na kozi, kwani idhini ya kufundisha diploma si idhini ya kufundisha shahada. Anayesomea chuo kisichoidhinishwa hafanyi mtihani wa Baraza. Miaka yake na karo hupotea.

Pili, alama. Diploma huhitaji wastani wa C katika KCSE, nayo shahada C+, pamoja na alama zinazotakiwa katika masomo kama Biolojia. Chuo kinachomkubali asiyefikisha alama hizo kwa ahadi kwamba "mambo yatapangwa baadaye" kiepukwe.

Tatu, mafunzo ya wadini. Uuguzi haufunzwi kwa vitabu pekee. Kabla ya kujiunga, mwanafunzi aulize:

- Mazoezi yatafanyika hospitali gani, na je, kuna makubaliano ya maandishi?
- Je, hospitali hiyo ina wadi za uzazi, watoto na upasuaji zenye wagonjwa wa kutosha?
- Nani humsimamia mwanafunzi akiwa wadini?
- Katika mtihani uliopita wa Baraza, wangapi waliufanya na wangapi walipita mara ya kwanza?

Chuo kizuri hujibu maswali haya bila kuzungukazunguka.

Mwisho, gharama zote zitolewe kwa maandishi: karo, sare, malazi, usafiri wa mazoezini na ada ya mtihani. Maombi ya kujiunga na KMTC, chuo cha umma kilichoanzishwa 1927, hupitia KUCCPS. Hakuna dalali anayeuza nafasi hizo. Anayetaka pesa ya "kusukuma jina" aripotiwe kwa polisi.