« Faute humaine »: maneno yanayofunga rapoti mapema

Kila mtu wa mine anajua maneno haya mawili ya Kifaransa: « faute humaine ». Mtu akiumia, ndiyo yanaandikwa chini ya rapoti. Yakiisha kuandikwa, rapoti inafungwa, kazi inaanza tena, na familia inabaki na mgonjwa wake ao na kilio.

Nieleze moja niliyoona mimi mwenyewe. Miaka kadhaa imepita, katika kompanyi moja ambayo sitaitaja jina, kijana wa posta ya usiku alipoteza mkono kwa tapi, ule mkanda unaobeba mawe kupeleka kwa mashini ya kusaga. Rapoti ilikuwa na mistari mitatu: aliingiza mkono kutoa jiwe, tapi ilikuwa inatembea, kosa ni lake. Ni kweli aliingiza mkono. Hata yeye hakukataa.

Lakini mimi ni delege wa sindika. Nilienda kumwona hospitali, kisha niliuliza wenzake mmoja mmoja. Kifuniko cha chuma kilitolewa miezi miwili mbele ya ajali, hakikurudishwa. Kamba ya kusimamisha tapi ilikuwa imekatika. Walipaswa kuwa watu wawili pale, lakini mwenzake alipelekwa pengine. Ulikuwa usiku wake wa sita bila kupumzika. Na kila mara jiwe likikwama, shefu anapiga simu kuuliza tani. Mzee mmoja akaniambia: « Delege, ile kamba ilikatikaka zamani, kila mutu alijua. Tulisema. Banatujibu piesi itafika. »

Kosa la kijana lilidumu sekunde moja. Yale mengine yalidumu miezi miwili. Rapoti iliandika ile sekunde tu.

Hesabu ya 88 kwa 100

Mawazo hayo ya kumtazama mfanyakazi peke yake yana historia. Mwaka 1931, Mmarekani H. W. Heinrich, mtu wa kompanyi ya bima, alitoa kitabu juu ya ajali za kazi. Alisema ajali 88 kwa 100 zinatoka kwa matendo mabaya ya watu wenyewe. Hesabu hiyo ilizunguka dunia, hata leo unaweza kuisikia katika mikutano ya usalama ya asubuhi. Waliochunguza kazi yake baadaye wakauliza: aliitoa wapi? Aliitoa katika karatasi za bima na katika rapoti zilizoandikwa na mashefu. Sasa tuulizane: ni shefu gani ataandika jina lake mwenyewe?

Mwaka 1990, Mwingereza James Reason, mwalimu wa saikolojia kwa chuo kikuu cha Manchester, alitoa kitabu kingine juu ya makosa ya binadamu. Alionyesha kwamba kuna makosa ya mtu anayeshika mashini, yanaonekana palepale. Na kuna makosa yaliyolala: ya anayepanga posta, anayenunua piesi, anayekata makuta ya matengenezo. Hayo yanaweza kulala miaka, yanangojea siku yake. Reason alifananisha kinga za kazi na vipande vya fromaji vyenye matundu. Sisi hapa tuseme malata. Weka malata matatu ya zamani moja juu ya ingine, kila moja na tundu lake: mvua haipiti. Siku matundu yakilingana, unalowa kitandani. Kijana wetu alikuwa lata ya mwisho. Yale ya juu yake yote yalikuwa yamekwisha kutoboka.

Mufulira, ng'ambo ya Mokambo

Mfano mkubwa hauko mbali. Ukivuka mpaka pale Mokambo, unafika Mufulira, Zambia. Tarehe 25 Septemba 1970, posta ya usiku ikiwa chini ya ardhi, matope yalibomoka yakaingia ndani ya mine. Ni yale matope yanayobaki nyuma ya kutoa shaba, yaliyokuwa yamemwagwa juu, mahali ambapo watu walikuwa wanachimba chini yake. Wachimbaji 89 walikufa.

Nani alikosa usiku ule? Katika wale 89 huwezi kumpata. Kosa lilianza zamani, siku walipokubali kuweka matope juu na kuchimba chini. Na alama zilikuwako mbele ya ajali: ardhi ya juu ilikuwa imeanza kuzama. Alama zilionekana, lakini kazi haikusimama. Ndiyo maana ninasema, usalama si kaske na bote tu. Usalama ni kujua mtu akiona alama, neno lake linafika wapi, na nani yuko na ruhusa ya kusema: simamisha.

Usingizi si uvivu

Kuna lata ingine ambayo hatuzungumzi sana: kuchoka. Watafiti wa Australia walipima watu katika miaka ya 1990. Wakakuta mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi kama mtu mwenye gramu 0,5 ya pombe kwa lita moja ya damu. Fanya hesabu yako. Uliamka saa ine ya asubuhi, haukulala tena kwa sababu ya joto na kelele, ukaenda posta ya usiku. Saa tisa ya usiku umetimiza 17. Mlangoni walikupima pombe, haukuwa nayo. Usingizi hakuna aliyeupima.

Bamama, hapa munaweza kusaidia: watoto wacheze mbali kidogo, redio ishushwe, habari ya deni ingoje aamke. Lakini si bamama wanaopanga usiku sita mfululizo. Hiyo ni kazi ya kujadili mezani, kati ya sindika na kompanyi.

Tufanye nini?

Kwanza, andika. Wenzake wa yule kijana walisema kwa mdomo, na neno la mdomo halina tarehe. Andika tarehe, mahali, kitu kilichoharibika, mpokeaji atie sahihi, na wewe ubaki na kopi.

Pili, Code du travail ya 16 Oktoba 2002 inataka komite ya usalama na usafi mahali pa kazi. Muulize delege wenu: ilikutana mara ya mwisho lini? Ilisema nini?

Tatu, familia isitishwe. Sheria ya sécurité sociale ya 15 Julai 2016 inaita ajali ya kazi ile inayompata mtu kwa sababu ya kazi ao wakati wa kazi, hata chanzo kiwe nini. Kwa hiyo, mama, wakikuambia « mume wako ndiye alikosa, CNSS haina kitu chako », usirudi nyumbani. Njoo kwa sindika na karatasi zako.

Ine, haki ya kutoka. Mkataba namba 176 wa BIT, wa mwaka 1995, unampa mchimbaji haki ya kuondoka mahali akiona hatari kubwa mbele yake. Zambia iliukubali tangu 1999. Sisi tunaomba haki hiyo iandikwe wazi katika kila convention collective ya kwetu.

Rapoti ya yule kijana haikubadilishwa. Mkono haukurudi. Lakini kamba mpya ya tapi ilifungwa juma lilelile, kumbe piesi ilikuwa inapatikana. Ndiyo kitu kinachoniuma hata leo. Tangu siku ile, wakiniletea rapoti nitie sahihi, ninauliza ulizo moja tu kabla ya kushika kalamu: nyuma ya hiyo sekunde, miezi miwili ilikuwa namna gani?