Kupanda mlima: Si lazima uwe mwembamba, ila ni lazima ujiandae

ASUBUHI anga inapotakata, mkazi wa Makina, Kibera, akisimama mahali palipoinuka huiona milima ya Ngong upande wa kusini-magharibi, imejipanga mithili ya vifundo vya ngumi iliyokunjwa. Ni milima aionayo kila uchao, lakini wengi hawajawahi kuikanyaga.

Siku hizi mwaliko wa kwenda huko si jambo geni. Chama cha akina mama, vijana wa msikiti au wa kanisa, ama wafanyakazi wa ofisi moja huafikiana kuitumia Jumamosi moja kupanda mlima. Ujumbe hutumwa kwa simu, nauli huchangwa na orodha ya majina huanza kujazwa.

Hapo ndipo baadhi ya watu huanza kutafuta visingizio. Mmoja husema ana mgeni, mwingine kwamba siku hiyo kibanda chake sokoni hakina wa kukiangalia. Wasichotamka ni kwamba wanauonea haya mwili wao. Wanahofia kuhema mbele ya wenzao, kuachwa nyuma, au kupigwa picha wakiwa wamelowa jasho.

Hofu hiyo ina sehemu mbili ambazo yafaa zitenganishwe. Ya kwanza inahusu mwili wenyewe: je, mtu mnene anaweza kupanda mlima bila kujidhuru? Ya pili inahusu macho ya watu. Wengi huzichanganya, wakadhani kwamba ili kuondoa aibu ni sharti kwanza wakonde. Hilo ni kosa, na aghalabu ndilo huwafanya wabaki nyumbani.

Mwili mmoja, macho mawili

Katika mitaa kama Makina, unene haujawa aibu daima. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, mwanamke mnono alichukuliwa kuwa mtu aliyetunzwa vyema, na kitambi cha mwanamume kikawa ishara kwamba mambo yake yanamnyookea. Ugonjwa wa Ukimwi ulipochacha katika miaka ya 1980 na 1990, kukonda kukawa jambo la kutiliwa shaka. Nchini Uganda ugonjwa huo ulipewa hata jina lililotokana na wembamba.

Kwa hivyo, mama yule yule ambaye sokoni huheshimiwa kwa umbo lake hujikuta akiitwa tipwatipwa punde anapojiunga na kundi la wapanda milima. Mwili wake haujabadilika. Kilichobadilika ni macho yanayomtazama.

Wala hayuko peke yake. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya uliofanywa mwaka wa 2008-09 ulionyesha kwamba robo ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzani kupita kiasi. Kufikia utafiti wa 2014, idadi hiyo ilikuwa imepanda hadi asilimia 33. Ina maana kwamba katika kundi la wanawake 30 waliokodi matatu kwenda Ngong, si ajabu kumi wakawa na wasiwasi uo huo, kila mmoja akidhani ni wake pekee.

Isitoshe, watu hututazama kwa nadra kuliko tunavyodhani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2000, mwanasaikolojia Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake waliwataka wanafunzi wavae fulana ya kuwatia haya kisha waingie katika chumba chenye wenzao. Waliovaa walikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwamo wangeitambua picha iliyokuwa kifuani. Waliotambua hasa walikuwa takriban robo tu.

Mlimani hali ni hiyo hiyo. Anayepanda huangalia mahali pa kuweka mguu na kusikiliza pumzi zake mwenyewe.

Mtungi usioonekana

Hata hivyo, haifai kumdanganya mtu kwamba uzani hauna maana mlimani. Una maana, na sababu yake ni nyepesi kueleweka kwa yeyote aliyewahi kununua maji Kibera.

Tuseme mwanamke wa kilo 85 anapanda pamoja na mwenzake wa kilo 65, wote wa kimo kimoja. Tofauti yao ni kilo 20, yaani uzito wa mtungi wa lita 20 uliojaa maji. Kila hatua ya kupanda, yule wa kwanza anauinua mtungi huo. Moyo wake hupiga kwa kasi zaidi na mwili wake huchemka upesi.

Je, nani humcheka aliyebeba mtungi kwa kuchelewa kufika? Kuhema kwake hakutokani na uvivu. Ni hesabu tu ya mzigo na mwinuko.

Aidha, kwa kuwa miguu yake huubeba mzigo huo kila siku, misuli yake aghalabu ina nguvu nyingi kuliko anavyodhani. Kinachopungua kwa kawaida ni pumzi, na pumzi hujengwa kwa mazoezi hata kabla ya kilo kupungua.

Mizani haisemi yote

Kipimo kinachotumiwa hospitalini kuamua kama mtu ni mnene hupatikana kwa kugawanya kilo zake kwa kimo chake cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Mtu wa kilo 80 mwenye kimo cha mita 1.60, mathalan, hupata 31. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuanzia 25 kuwa uzani uliozidi, na kuanzia 30 kuwa unene wa kupindukia.

Asili ya hesabu hiyo ni Adolphe Quetelet, mtaalamu wa takwimu na nyota kutoka Ubelgiji, aliyeibuni katika karne ya 19 akichunguza umbo la mtu wa wastani. Hakuwa daktari, na kipimo chake hakitofautishi misuli na mafuta. Kinafaa kama onyo la kiafya, lakini hakisemi kama mtu anaweza kutembea saa tatu.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka wa 2024 katika jarida la Uingereza la tiba ya michezo yalibaini kwamba watu wasio na uimara wa moyo na mapafu walikabiliwa na hatari ya kufa mapema takriban mara mbili hadi tatu ya wenye uimara huo, wawe wembamba au wanene. Mnene anayetembea kila siku anaweza kuwa salama kuliko mwembamba anayeshinda kitini.

Kwa sababu hiyo, kujinyima chakula wiki mbili kabla ya safari ni kujipotosha. Kilo zinazotoweka upesi hivyo huwa kwa kiasi kikubwa maji na sukari ya akiba iliyohifadhiwa katika misuli na ini. Sukari hiyo ndiyo mafuta ya safari. Baadhi ya chai zinazouzwa kwa madai ya kupunguza mwili huwa na dawa za kuharisha, na anayezinywa hufika mlimani akiwa amekaukiwa na maji.

Mazoezi huanzia mlangoni

Hakuna haja ya kulipia ukumbi wa mazoezi. Makina ni mtaa ulioasisiwa na familia za askari Wanubi wa jeshi la mkoloni, watu ambao kazi yao ilikuwa kutembea masafa marefu. Hadi leo wakazi wengi wa Kibera hutembea hadi Eneo la Viwandani au katikati ya jiji, ambako ni umbali wa takriban kilomita sita na nusu. Anayefanya hivyo kila siku tayari amejiandaa kuliko anavyojua.

Kwa asiyetembea sana, kipindi cha wiki nane kinatosha kwa mlima wa wastani. Wiki mbili za kwanza atembee dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki. Jumla yake ni dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima.

Wiki ya tatu na ya nne aongeze mwinuko. Mteremko wa kutoka Makina kuelekea upande wa Bwawa la Nairobi unafaa: ashuke, kisha apande tena bila pupa. Ngazi za jumba la ghorofa pia zinafaa.

Wiki ya tano na ya sita, siku moja ya mwisho wa juma itengwe kwa matembezi ya saa mbili mfululizo. Wiki ya saba avae viatu atakavyotumia na abebe mkoba wenye maji. Raba za mitumba zenye soli yenye meno zinatosha, mradi zisiwe mpya mguuni siku ya safari. Wiki ya nane apunguze mazoezi ili mwili upumzike.

Kipimo cha mwendo ufaao hakihitaji mtambo. Mtu akiweza kuzungumza sentensi nzima lakini asiweze kuimba, mwendo huo ni sawa. Akishindwa hata kuzungumza, apunguze.

Baada ya wiki hizo huenda mizani isionyeshe tofauti kubwa. Hata hivyo, moyo utakuwa unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na misuli itakuwa ikiitumia hewa vizuri zaidi.

Nani amwone daktari kwanza

Kuna wale ambao hofu yao inastahili kusikilizwa. Mwenye shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo au pumu, na yeyote anayehisi maumivu ya kifua au kizunguzungu anapotembea, amwone mhudumu wa afya kabla ya kuanza mazoezi. Anayetumia dawa za kisukari aulize pia jinsi ya kuzuia sukari isishuke ghafla, na abebe kitu kitamu.

Tangu Septemba 2023, serikali ilipozindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii, wahudumu hao walipewa vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari nyumba kwa nyumba. Kupimwa huchukua dakika chache, na ni afadhali kuliko kukisia.

Siku yenyewe

Milima ya Ngong ni chaguo jema kwa anayeanza. Kilele chake cha juu kabisa ni mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, kimo ambacho hakimsumbui sana mkazi wa Nairobi kwa upande wa hewa. Longonot, wenye mita 2,776, una sehemu zenye mwinuko mkali. Kilele cha Lenana katika Mlima Kenya, mita 4,985, kinahitaji maandalizi ya aina nyingine. Huko juu ugonjwa wa mwinuko hauchagui mnene wala mwembamba, na kinga yake kuu ni kupanda taratibu. Ndiyo maana waongozaji wa Kilimanjaro wamewafundisha wageni wa dunia nzima maneno mawili ya Kiswahili: pole pole.

Kutoka Makina, msafiri hupanda hadi barabara ya Ngong na kuabiri matatu nambari 111 hadi mji wa Ngong, kisha huelekea lango la msitu. Njia hupita karibu na mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo, ishara tosha kwamba sweta haikosi kazi. Watu waende kwa kundi, mchana, na kwa kusindikizwa na askari wa misitu.

Kila mtu abebe walau lita mbili za maji na chakula cha kawaida. Mavazi ya kubana si sharti. Suruali pana, au dera juu ya suruali, yatosha mradi hayamkwazi mtu. Mafuta ya kujipaka kati ya mapaja huzuia michubuko, tatizo ambalo wengi huona haya kulitaja. Wakati wa kushuka, magoti huumia zaidi kuliko wakati wa kupanda. Hatua ziwe fupi na fimbo isaidie.

Vilevile, si lazima kufika Kona Baridi. Aliyechoka kwenye kilima cha pili anaweza kurudi na mwenzake kwa njia ile ile, na atakuwa amepanda mlima.

Wajibu wa kundi

Mara nyingi mnene ndiye huambiwa abadilike, ilhali kundi nalo lina kazi yake. Mpangaji wa safari aseme mapema umbali, muda na mahali pa kugeukia. Mwenda pole awekwe mbele, si nyuma, ili yeye ndiye aamue mwendo. Akiwekwa nyuma, wenzake humngoja wakiwa wamepumzika, kisha huondoka punde anapofika, naye akakosa kupumzika kabisa.

Picha zisisambazwe bila idhini, na majina ya utani yaachwe mjini. Mama aliyezoea kuitwa mama aendelee kuitwa hivyo hata akihema.

Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai. Anayesita kuliandika jina lake kwenye orodha ajiulize tu kama ana wiki nane na jozi ya raba. Akiwa navyo, na mhudumu wa afya hajamkataza, safari inaweza kuanza kesho asubuhi mlangoni pake.