Milki, intifaa na haram: maneno ya ardhi kati ya Muscat na Unguja

Ghala, katika wilaya ya Bawshar mjini Muscat, ni mtaa ulio chini ya milima ambamo karakana na nyumba za kuishi zimepakana. Kwa sikio la Mswahili jina hilo ni stoo ya bidhaa, na stoo kweli ni nyingi huko. Lakini Waarabu huliandika tofauti na lile neno lao lililozaa ghala la Kiswahili. Sauti ni moja, neno ni jingine.

Hali hiyohiyo huwapata Waomani wanaozungumza Kiswahili, ambao wengi wao au wazee wao walitoka Zanzibar na Afrika Mashariki baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Familia nyingi zina nyumba Muscat na bado zinazungumzia shamba la babu Unguja au Pemba. Pande zote mbili husemwa milki. Mbele ya sheria, hata hivyo, neno hilo halibebi maana moja.

Nchini Oman, Sheria ya Ardhi iliyotolewa kwa Amri ya Kisultani namba 5 ya mwaka 1980 iliweka msingi kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya dola. Kiwanja ambacho Muomani amekipata kihalali na kukisajili ni milki yake: anaweza kukiuza, kukiweka rehani na kukirithisha. Ushahidi wake ni hati ambayo watu huiita mulkia, ikiandamana na kuruki, yaani ramani inayoonyesha mipaka na vipimo vya kiwanja. Kuruki peke yake haimpi mtu umiliki. Wala makubaliano ya mdomo kati ya ndugu hayatoshi, hata yakishuhudiwa na ukoo mzima, kwa sababu milki ya ardhi huhama kwa kuandikishwa katika daftari la serikali.

Neno la pili ni intifaa. Hii ni haki ya kutumia mali ya mwingine na kuchuma faida yake kwa muda uliowekwa, bila mali yenyewe kuwa yako. Amri namba 5 ya mwaka 1981 ndiyo iliyopanga haki hiyo kwa ardhi za Oman, na aghalabu ndiyo njia inayomhusu mgeni. Tangu mwaka 2006 asiye Muomani ameruhusiwa kumiliki kikamilifu katika maeneo maalumu ya kitalii, lakini nje ya maeneo hayo mlango ni mwembamba. Kwa hiyo Mtanzania au Mkenya anayefanya kazi Muscat, akiambiwa kwamba "anauziwa" fleti, ni vyema asome kwanza kama karatasi inasema milki au intifaa.

Zanzibar mambo yamegeuka. Mwezi Machi mwaka 1964 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza ardhi yote kuwa mali ya taifa, na kuanzia mwaka 1965 mashamba yaligawiwa wananchi kwa vipande vya eka tatu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1992 iliendeleza msingi huo. Ardhi ya umma iko chini ya Rais wa Zanzibar, naye mwananchi hupewa haki ya matumizi. Haki hiyo ni nzito, hurithiwa na huweza kuhamishwa kwa utaratibu, lakini si milki kwa maana inayojulikana Muscat. Isitoshe, ni haki ya Mzanzibari. Mgeni hupata ukodishaji tu.

Hapo ndipo penye uchungu. Oman na Tanzania kwa kawaida haziruhusu uraia wa nchi mbili. Mjukuu mwenye pasipoti ya Oman anaweza kulijua shamba la babu yake mnazi kwa mnazi, na bado sheria ikamhesabu kuwa mgeni. Karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na sheha inaweza kuonyesha kwamba fedha zilitolewa, lakini haigeuzi uraia wa mnunuzi.

Kuna jambo jingine ambalo humshangaza aliyezoea mulkia: Zanzibar, kwa mila, miti huweza kuwa na mwenyewe na udongo ukawa na mwenyewe mwingine. Mtu huweza kurithi mikarafuu asirithi mahali iliposimama.

Neno wakfu ndilo lililosafiri bila kupotea sana. Pande zote mbili ni mali iliyofungwa isiuzwe wala kurithiwa, na mapato yake yaende kwa waliokusudiwa.

Sheria za mazingira nazo zina maneno yake, na lililo la kale zaidi ni haram. Hapa si haramu kama ya ulevi. Ni haram kama ya Makka, eneo lililozungukwa na hifadhi. Falaj, mfereji wa jadi unaoleta maji kutoka ardhini hadi mitendeni, una haram yake, na kuchimba kisima karibu na chanzo chake kumekatazwa, kwani kisima kipya huweza kuukausha mfereji wa kijiji kizima. Mwaka 2006 UNESCO iliingiza mifereji mitano ya Oman katika orodha ya urithi wa dunia. Maji ya ardhini huhesabiwa Oman kuwa mali ya taifa, hivyo mwenye kiwanja hawezi kuchimba kisima bila kibali hata ndani ya ua wake.

Wadi nalo ni neno la kuangaliwa. Mswahili hulitafsiri bonde, akafikiria mahali penye rutuba. Oman wadi ni mkondo wa maji ambao huweza kukaa mkavu mwaka mzima na kufurika kwa saa chache. Kimbunga Gonu cha Juni mwaka 2007 kiliyaonyesha Muscat maana hiyo kwa mafuriko yaliyobomoa barabara na kuua watu. Mwenye mulkia kando ya wadi anamiliki kiwanja chake, lakini umiliki huo haumpi ruhusa ya kuziba njia ya maji.

Kwa mwenye karakana, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2001 ilimwekea wajibu wa kupata kibali na kuondoa uchafuzi alioufanya kwa gharama yake. Oili iliyomwagwa nyuma ya ukuta huko Ghala hufuata mvua ikitiririka, na mvua haisomi kuruki.