Mkoba una vyumba 40: utamu wa mchezo wa mahandaki

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

Mama yangu alikuwa mchuuzi wa vitenge. Alivinunua Kigoma, akavuka navyo mpaka wa Manyovu, akaja kuviuza Bujumbura. Kompyuta hakuwa na haja nayo. Siku moja mwaka 2005 alikuja kututafuta, mimi na mdogo wangu, katika chumba cha fundi mmoja wa kompyuta mtaani Buyenzi, akatukuta tumekodolea macho kioo. Alisimama nyuma yetu kama dakika kumi bila kusema neno, akimtazama mpiganaji wetu akifungua mkoba, akitoa upanga, akiurudisha, akitupa kofia ya chuma kisha akiiokota tena. Mwisho akasema, "Kumbe na huyu ni mchuuzi kama mimi," akatuamuru twende nyumbani tukale.

Nimesikia mengi kuhusu michezo ya kompyuta tangu siku ile, na sijasikia maelezo yaliyoukaribia ukweli kama hayo.

Mchezo wenyewe unaitwa Diablo. Ulitengenezwa California, Marekani, na kikundi cha vijana kilichojulikana baadaye kama Blizzard North, ukaingia sokoni mwishoni kabisa mwa mwaka 1996. Sisi tuliupata miaka minane baadaye, kwenye diski iliyonakiliwa, tulipokuwa tumerudi kutoka ukimbizini Tanzania. Kisa chake ni kifupi. Kuna kijiji kiitwacho Tristram, kuna kanisa lililoharibika, na chini ya kanisa kuna mahandaki ya ngazi 16 yaliyojaa mazimwi na viunzi vya mifupa vinavyotembea. Unashuka, unapigana, unaokota, unarudi kijijini kuuza, unashuka tena.

Msomaji atasema hapo hapana mchezo, hicho ni kibarua. Nami ningesema hivyo kama nisingekicheza kwa faranga 300 kwa saa, fedha ambazo hatukuwa nazo.

Tuanze na mkono. Mwanzoni Diablo ulikuwa mchezo wa zamu, kama bao: wewe unasogea, adui anasubiri, kisha adui anasogea, wewe unasubiri. David Brevik, mmoja wa waanzilishi wa kikundi kile, aliupenda utaratibu huo na akaupigania. Wenzake wakataka uende mbio, wakapiga kura, akashindwa. Kwa maelezo yake mwenyewe aliyoyatoa mwaka 2016, kazi aliyodhani ingekuwa ndefu aliimaliza kwa saa chache. Alipobofya kipanya, mpiganaji alitembea hadi kwenye kiunzi cha mifupa na kukivunja papo hapo, na Brevik akajua kwamba wenzake walikuwa na haki.

Jambo hilo ni kubwa kuliko linavyosikika. Kidole kikigusa, fimbo inapiga, mifupa inamwagika sakafuni kwa kishindo. Hakuna cha kusubiri, na hakuna kitabu cha kusoma kwanza. Kiingereza chetu cha shule ya kambini kilikuwa kidogo, lakini tulielewa.

Tuligawana kazi. Mimi nilishika kipanya. Mdogo wangu, aliyekuwa na miaka 13, alishika namba 1 hadi 8 za kibodi, kwa maana mpiganaji huning'iniza chupa nane za dawa kiunoni na kila namba hunywesha chupa moja. Uhai wa mtu wetu ulikuwa mikononi mwake. Nikijitosa katikati ya mazimwi, yeye ndiye aliyeamua ninywe sasa au tuibane chupa. Tulikuwa hatuzungumzi, tunahema tu.

Sasa mkoba, ambao ndio uliomvutia mama. Una vyumba 40, havizidi. Pete huchukua chumba kimoja, deraya huchukua sita. Hata dhahabu ina nafasi yake: vipande 5,000 hujaza chumba kimoja, kwa hiyo tajiri hutembea na mkoba uliojaa fedha na hana pa kuweka upanga. Aliyevuka mpaka na mzigo begani, au aliyewahi kuambiwa achukue anachoweza kubeba kwa sababu lori linaondoka, hahitaji kufafanuliwa. Unasimama chini ya ardhi, mbele yako kuna deraya zuri, mkoba umejaa. Unaacha nini?

Tena hujui thamani ya ulichonacho. Kitu chenye uchawi huonekana kwa maandishi ya buluu, lakini nguvu yake imefichwa mpaka umpelekee mzee Cain kijijini, naye hudai vipande 100 ili akisome. Pembeni mwa kijiji kuna mtoto mwenye mguu wa mti, Wirt, anayeuza kitu kimoja tu kwa wakati. Kukionyesha tu ni vipande 50, ununue usinunue, wala harudishi! Tulimtukana sana Wirt, na tulimwendea kila tuliporudi kijijini.

Nadhani utamu wote umekaa hapo, katika ule muda mfupi kati ya kuona na kujua. Zimwi likifa, kitu huruka hewani, hujizungusha na kuanguka. Pete ina mlio wake mwembamba, tofauti na mlio wa upanga. Hata leo nikiusikia, shingo inageuka. Na kwa kuwa mahandaki hupangwa upya kwa bahati nasibu kila unapoanza safari mpya, hakuna jirani anayeweza kukuambia pete ipo chumba kipi.

Lakini bahati bila hofu haina ladha. Katika ngazi ya pili kuna chumba kimoja kilichotapakaa damu, ukifungua mlango anatoka Mchinjaji na shoka lake. Mara ya kwanza mdogo wangu aliziacha namba zote akakimbilia uani. Ukifa, unarudi pale ulipohifadhi mara ya mwisho, na umeme wa Buyenzi ukikatika ni hivyo hivyo. Kila chumba kipya kilituuliza swali moja: tuzidi kushuka, au tutumie hati ya kurudi kijijini tukiwa bado na kitu?

Miezi ikapita. Tukafika ngazi ya 11. Mtu wetu alikuwa na ngao iliyopatikana kwa taabu, na mdogo wangu alijua kila kitu kilichomo mkobani kilitoka kwa zimwi gani, siku gani.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kijana mmoja pale kwa fundi alinifundisha hila. Unaangusha kitu chini, na mpiganaji anapokaribia kukiokota, unabofya chupa ya dawa kiunoni. Ukiupatia muda, chupa inageuka kuwa nakala ya kile kitu. Niliifanya mchana mmoja, mdogo wangu akiwa shuleni. Nilianza na dhahabu. Elfu tano zikawa kumi, kumi zikawa arobaini, nikanunua kila kilichokuwa kikiuzwa kijijini, nikamfuata Wirt nikanunua chake bila kuuliza bei.

Alipokuja jioni nilidhani atashangilia. Aliutazama mkoba, akauliza, "Kaka, ngao yetu iko wapi?" Nilikuwa nimeiuza. Tulicheza nusu saa. Mazimwi yalianguka kama majani makavu, vitu vikadondoka, hakuna aliyevitazama, kwa maana vya kwetu vilikuwa bora. Hakugusa namba hata moja, kwa sababu hakukuwa na haja. Akaomba kwenda nyumbani, na hakurudi tena pale kwa fundi. Nilimwita mara tatu, nikaacha.

Nilijiona mpumbavu peke yangu, hadi nilipokuja kujua kwamba dunia nzima iliangukia shimo lile lile. Katika Diablo II, uliotoka Juni mwaka 2000, wachezaji wa mtandaoni waliidharau dhahabu wakafanya sarafu yao kuwa pete moja, Stone of Jordan, inayochukua chumba kimoja tu cha mkoba. Wajanja wakaanza kuinakili, soko likajaa pete bandia. Mwaka 2003 watengenezaji wakabuni dawa ya ajabu: pete hizo zikiuzwa kwa wafanyabiashara wa ndani ya mchezo kwa wingi wa kutosha, huibuka zimwi kuu lenye zawadi yake. Yaani waliwashawishi watu waichome sarafu yao wenyewe. Sijui kama kuna benki kuu iliyowahi kuthubutu hivyo.

Kisha ukaja Diablo III, Mei 2012. Mwezi uliofuata ulifunguliwa mnada ambako silaha na mavazi viliuzwa kwa fedha halisi, na kampuni ilichukua ada ya dola 1 kwa kila kipande kilichouzwa. Wachezaji wakajikuta wanasoma bei badala ya kushuka mahandakini, kwa kuwa chochote walichookota, sokoni kilikuwapo kilicho bora zaidi. Septemba 2013 kampuni yenyewe ilitangaza kwamba mnada ulikuwa unaharibu msingi wa mchezo, yaani kuua mazimwi na kupata vitu vizuri kwa mkono wako. Tarehe 18 Machi 2014 ukafungwa.

Mfanyabiashara anaweza kunikosoa hapa kwamba soko si dhambi. Ni kweli, na mimi nimelelewa kwa faida ya vitenge. Ila mama alikwenda sokoni ili tule. Sisi tulishuka mahandakini ili tushtuke.

Mdogo wangu sasa ana mke na watoto wawili, na anauza vipuri vya simu upande wa Kobero. Diablo ule wa kwanza ulirudishwa sokoni mwaka 2019 kwa kompyuta za kisasa. Mwaka jana alipokuja Bujumbura kufuata mzigo nilikuwa nimeununua, safari hii kwa halali, nikamwekea kompyuta mezani bila kusema kitu. Alicheka kidogo, akavuta kiti, akaweka vidole juu ya namba.

Tulianza na mpiganaji mpya, maskini, mwenye rungu. Mchinjaji alituua mara mbili. Saa sita usiku tulikuwa ngazi ya nne, mkoba umejaa, zikabaki chupa mbili, na kitu kikadondoka kwa mlio mwembamba nyuma ya nguzo.

"Kaka," akasema, bila kuondoa macho kwenye kioo, "tunaacha nini?"