Wiki ya 32, Puvirnituq

Puvirnituq ni kijiji cha Wainuiti kwenye pwani ya Ghuba ya Hudson, katika eneo la Nunavik, kaskazini mwa Quebec, Kanada. Hakuna barabara ya kutoka hapo kwenda mjini. Mimba ikikaribia wiki ya 32, wakunga huketi na madaktari na wauguzi wakapitia jalada la mjamzito, mmoja baada ya mwingine, na kuuliza: huyu ajifungulie nyumbani au apelekwe kusini? Shinikizo la damu lina nafasi yake katika mizani hiyo, na safari pia. Damu ikimwagika, ndege itachukua saa ngapi? Na mama akitangulizwa mapema, atakaa majuma mangapi mbali na wanawe? Maswali hayo mawili hupimwa pamoja, na wanaoyapima ni pamoja na wakunga Wainuiti waliofunzwa kijijini hapohapo, wanaoongea na mzazi kwa Kiinuktituti.

Kabla kituo chao cha uzazi hakijafunguliwa mwaka 1986, mama alipandishwa ndege majuma kadhaa kabla ya siku zake, akangojea Moose Factory au Montreal katika nyumba ya wageni, lugha si yake, wanawe wakilelewa na wengine. Kwa hospitali, kumpeleka huko kulikuwa kumwepusha na hatari. Wakunga wa Puvirnituq hawakani kwamba hatari ipo. Wanasisitiza tu kwamba kumng'oa mama kwao nako kunadhuru. Nakubaliana nao. Jalada linaloanza kuhesabu madhara pale tu uchungu unapoanza limeacha nusu ya habari.

Atakayepinga ana hoja nzito: kijijini hakufanyiki upasuaji wa kujifungua, na tufani ikivuma ndege hairuki. Lakini kati ya uzazi 1,372 wa akina mama wa pwani hiyo, kuanzia 2000 hadi 2007, takribani asilimia 86 ulifanyika huko Nunavik. Idadi hiyo ya uzazi ni ndogo, haiwezi kumaliza ubishi kuhusu matukio adimu. Inatosha, hata hivyo, kuonyesha kwamba kuwahamisha wote hakukuwa lazima ya kitabibu. Ilikuwa ratiba ya watu wa mbali.

Na yule anayeambiwa, baada ya kikao, kwamba hana budi kuondoka? Uamuzi waweza kuwa sahihi kabisa. Majuma yake ya kungojea ni marefu vilevile, na nani ataketi naye huko?