Jino Lililovunjika na Khofu ya Dhahabu

Ndugu Waislamu, wako wanaume waachao jino lililovunjika mpaka likang'olewa, kwa kuchelea kuwa dhahabu ni haramu kwao. Khofu hiyo ni njema, lakini hapa si mahali pake. Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za Ujahilia. Akatia pua ya fedha, ikatoa uvundo, Mtume (S.A.W.) akamwamuru atie ya dhahabu. Wameipokea habari hiyo Abu Daud na Tirmidhi, na kwayo maulamaa wetu wa Kishafii wakahalalisha na jino pia. (Kijana avikaye dhahabu jino lisilo na ila, kwa urembo tu, hilo ni jambo jingine.)

Tena siku hizi zipo kofia za kauri zenye rangi ya jino lenyewe. Tabibu huondoa uozo kwanza, akalichonga jino, akachukua kipimo chake, kisha akalivika lote. Na kama kuta zake zingali na nguvu, hufunika pale pa kutafunia tu. Wala kofia hiyo haivuliwi kwa udhu wala kwa josho, kwani kwetu sisi Mashafii kusukutua ni sunna. Lakini jino lililo chini yake laweza kuoza tena penye ufizi, na hapo ndipo wengi wasipopitisha mswaki.